BARAZA YA NYUMBANI: Unga wa Nywele, Mafuta ya Kupuliza, na Onyo Tusilolisoma

 

Mwezi huu baraza yetu itazungumza jambo ambalo baadhi ya mabwana wataliona dogo, nalo ni nywele za wanawake wetu majumbani. Twawaomba wasifunue ukurasa upesi. Sisi pia tulidhani ni jambo dogo, mpaka lilipotufikisha mahali ambapo, lau si rehema ya Mungu, tungekuwa leo twaandika habari ya msiba.

Binti yetu wa tatu, ambaye yu katika mwaka wake wa kumi na saba, amejaaliwa nywele za singa, nyeusi sana, nyembamba mno kama nyuzi za hariri. Wenye nywele za namna hii huonewa wivu, na huku wao wenyewe wana taabu ambayo wengine hawaijui. Nywele hizo zikikaa siku mbili bila ya kuoshwa, hulala juu ya kichwa kama zilizopakwa samli. Na katika joto la Mombasa, chini ya ushungi tangu alfajiri hata magharibi, hata siku moja ni nyingi.

Basi mtoto huyu alikuwa na maradhi ya sikio ya siku nyingi, na tabibu akaona hapana budi apasuliwe. Upasuaji ulikwenda salama, alhamdulillahi. Lakini tabibu akatoa sharti: kwa muda wa wiki mbili maji yasimiminwe kichwani, na tone lisiingie katika sikio lile, ama kazi yote itaharibika. Siku ya nne mtoto akaanza kujifungia chumbani. Siku ya sita hakwenda chuoni kuwasomesha wadogo zake juzuu ya Amma, kazi aipendayo kuliko zote. Mamake alipomwuliza, alijibu ya kwamba kichwa chake chanuka, na kwamba wasichana wenzake watamkimbia. Na siku ya kumi na mbili ilikuwa ndiyo siku ya harusi ya binti ya mjomba wake.

Siku ile ile ikawasili bahasha kutoka Maskati kwa shangazi yake. Ndani yake mlikuwa na makopo mawili ya bati. Moja lilikuwa la ile iitwayo shampuu kavu, yaani unga wa kusafishia nywele pasipo maji. La pili lilikuwa mafuta mepesi ya kupuliza, ya kuzipa nywele mng'ao. Mtoto akatuletea mikononi kwa adabu, akasema, "Baba, shangazi ameniletea hivi. Waniruhusu?"

Twaona haya kuandika tuliyomjibu. Tulimwambia, "Mwanangu, wenzako waumwa wamelala mahospitalini, nawe wafikiri uzuri?" Akainamisha kichwa, akaondoka pasi na neno. Usiku ule mamake akatuambia kwa upole, kama ilivyo desturi yake atakapo kutusahihisha, "Bwana, huyu hakutaka uzuri. Ametaka kuwa safi. Na wewe ndiwe uliyemfundisha ya kwamba usafi ni sehemu ya imani."

Tukanyamaza kwa kuwa hatukuwa na jibu. Nani asiyejua ya kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alihimiza mwenye nywele azitunze? Imepokewa pia ya kwamba alipokuwa katika itikafu alikuwa akikitoa kichwa chake kwenye chumba cha Bibi Aisha, radhi za Mungu zimfikie, naye akimchana. Tena imepokewa katazo la kujishughulisha mno na kuchana nywele kila siku, ili mtu asiifanye kazi hiyo kuwa ndiyo maisha yake. Basi njia yetu ni ya katikati: nywele zisiachwe zikawa kichaka, wala zisiabudiwe. Mtoto wetu alisimama katikati, na sisi ndio tuliokwenda pembeni. Asubuhi tulimwita tukamtaka radhi. Wazazi wenzetu, kumtaka mtoto radhi hakupunguzi heshima ya mzazi hata chembe. Sisi tumejaribu, na heshima yetu ingali pale pale.

Sasa natuseme vitu hivi ni nini hasa.

Kichwa cha mtu kina nywele kama 100,000 hivi, na penye shina la kila unywele pana kitundu kidogo kitoacho mafuta. Mafuta haya ni neema, kwa kuwa huilainisha ngozi na kuukinga unywele usikatike. Katika nywele zilizojiviringa, mafuta hupanda polepole na mara nyingi hayafiki nchani. Ndiyo sababu wenye nywele hizo hulalamika ukavu. Katika nywele za singa mafuta huteremka moja kwa moja, kama maji katika mfereji ulionyoka. Na zikiwa nyembamba, kila unywele una nafasi ndogo ya kuyabeba, basi zote hugandamana upesi na kulala.

Unga wa kopo hufanya kazi moja tu: huyanywa mafuta hayo. Kiini chake ni wanga, wa mchele, au wa mahindi, au wa muhogo; pengine hutiwa na madini laini yanywayo unyevu, na manukato. Hakika wanga ndio ule ule ambao mama zetu waliutumia kukazia kanzu. Unga hushika mafuta, kisha ukipigwa burashi huanguka pamoja na mafuta uliyoyashika. Wala haukioshi kichwa: jasho lililokauka, vumbi na mba hubakia pale pale. Kwa hiyo jina la shampuu ni la kukopa. Kama mtu angeuita unga wa kunywea mafuta, angekuwa amesema kweli zaidi.

Wala jambo la kutia unga nywelezi si geni duniani. Katika karne ya 18 wakubwa wa Ulaya walikuwa wakivaa nywele za bandia na kuzinyunyizia unga wa wanga hata zikawa nyeupe. Mwaka 1795, siku za waziri mkuu William Pitt, serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya gini moja, yaani shilingi 21, kwa mwaka, juu ya kila mtu atumiaye unga huo. Mwaka ule ule mavuno ya ngano yalikuwa haba na mkate ulikuwa ghali, na watu wengi waliona ni aibu chakula cha masikini kumwagwa juu ya vichwa vya matajiri. Desturi ikafa haraka. Twaitaja habari hii ili tukumbuke ya kwamba kila kitu cha pambo kina mpaka, na mpaka huo ni israfu.

Basi tuwaeleze jinsi tulivyojaribu, kwa faida ya wale walio na mgonjwa, au mzee asiyeweza kuinuka kitandani, au wale ambao mfereji wao hutoa maji mara moja kwa wiki.

Siku ya kwanza tulifanya makosa. Mtoto alilishika kopo karibu na utosi, akapuliza kama apulizaye dawa ya mbu. Alipotoka chumbani, mdogo wake wa miaka mitano alipiga ukelele akasema, "Dada amekuwa bibi!" Na kweli, utosi na mapanja yake yalikuwa meupe kama ya kikongwe. Tulicheka sote, naye akacheka pia, na hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu alipotoka hospitali. Lakini aibu hiyo ndiyo waipatayo wote wenye nywele nyeusi. Unga ni mweupe, na juu ya weusi kila chembe huonekana.

Siku ya pili mamake akaishika kazi mwenyewe. Alilitikisa kopo vizuri. Akazigawa nywele mafungu kwa kitana, akapuliza kwa umbali wa shubiri moja na zaidi kidogo, shinani tu, kwa kitambo kifupi sana kila fungu. Kisha akamwambia akae kimya kiasi cha dakika mbili mpaka tatu, kwa kuwa unga wahitaji muda wa kunywa. Ndipo akasugua kwa ncha za vidole, akaliepuka sikio lenye kidonda, na mwisho akachana kwa burashi tangu shinani mpaka nchani, akiipangusa burashi kwa kitambaa kila mara. Weupe uliondoka karibu wote. Nywele zikasimama, zikawa nyepesi, na ile harufu ikapungua.

Tukajifunza na hili: wakati bora ni usiku kabla ya kulala, kwani unga hunywa mafuta usiku kucha, na kichwa kikijisugua juu ya mto weupe huisha wenyewe. Wako wauzao unga uliotiwa rangi ya kahawia kwa ajili ya nywele nyeusi. Huo haufanyi kichwa cheupe, lakini huacha doa katika ushungi mweupe na katika foronya, na mwenye kufua ndiye atakayelia.

Tena tuliona ya kwamba faida yake ina mwisho. Siku ya kwanza na ya pili ulifaa sana. Siku ya tatu mfululizo nywele zilikuwa nzito na kavu kwa pamoja, na ngozi ikaanza kuwasha. Unga juu ya unga huwa ukoko, ukaziba vitundu. Tulipomwuliza tabibu alituambia ni kama tuonavyo: utumike kwa nafasi, siku moja mpaka mbili baina ya kuosha na kuosha, wala usifanywe badala ya maji kwa mtu mzima wa afya. Kwa mtoto wetu, ambaye maji yalikatazwa, tuliacha siku moja katikati, na siku hiyo mamake alimfuta ngozi ya kichwa kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri.

Ama kopo la pili, la mng'ao, kazi yake ni kinyume. La kwanza hunywa mafuta, la pili huleta mafuta. Ngozi ya nje ya unywele imepangwa kama makuti ya paa, moja juu ya jingine. Makuti yakilala sawasawa, mwangaza hurudi kama katika kioo, na nywele hung'aa. Yakiinuka, mwangaza hutawanyika, na nywele huonekana zimefifia. Unga huzifanya nywele nyeusi zififie, kwa kuwa chembe zake hutawanya mwangaza. Basi mafuta haya, ambayo mara nyingi ni ya silikoni, hufunika unywele kwa utando mwembamba na kuyalaza makuti yale.

Kwa nywele nyembamba, hapa ndipo penye hatari ya kuharibu kazi yote. Yakipulizwa utosini, nywele hulala tena kama zilivyokuwa, na unga wote umekwenda bure. Sisi tuliona njia hii yafaa: kwanza unga, kisha burashi, kisha yapulizwe mafuta kidogo juu ya burashi au kiganjani, wala si kichwani, na ipitishwe kuanzia usawa wa shingo mpaka nchani tu. Na tuseme kweli: bibi yetu wa nyumbani alijaribu tone moja la mafuta ya nazi, akalisugua viganjani mpaka likakaribia kwisha, akapitisha nchani, na sisi hatukuona tofauti. Tofauti tuliyoiona ni ya bei.

Sasa twafika mahali pagumu.

Siku ya harusi nyumba yetu ilijaa wanawake. Kama ijulikanavyo, mwanamke wa pwani hawi tayari kwa harusi mpaka afukize nywele zake. Chetezo kiliwashwa chumbani, makaa yakawa mekundu, udi ukatiwa, na madirisha yakafungwa ili moshi usipotee. Mtoto wetu alikuwa amekaa juu ya mkeka karibu na chetezo, leso mabegani, akingoja zamu yake. Akaona afadhali atangulize mng'ao kabla ya kufukiza. Akalinyanyua kopo, akapuliza.

Ulimi wa moto ulitoka penye chetezo ukapanda hewani kwa sauti kama ya shuka ikung'utwayo. Ulikuwapo, kisha haukuwapo. Muda wa kufumba jicho na kulifumbua. Lakini ulishika fungu moja la nywele upande wa kulia, na pindo la leso. Khaloye mmoja, Mungu amlipe kheri, alimrukia na leso yake iliyokuwa na maji ya kutawadha, akamfunika kichwa. Tuliokuwa barazani tulisikia ukelele mmoja tu. Tulipoingia tulimkuta ametetemeka, harufu ya nywele zilizoungua imejaa chumba, na mkono wake ungali umelishika kopo lile.

Hakuungua ngozi. Sikio halikuguswa. Nywele ziliungua upana wa vidole vitatu. Unywele humea kama sentimita 1 kwa mwezi, basi hazitazidi miezi michache zitarudi. Lakini tulilichukua kopo, tukavaa miwani, tukalisoma upya tangu juu mpaka chini. Na hapo ndipo tulipojua kosa ni la nani.

Twaungama mbele ya wasomaji wetu. Siku ile tuliporuhusu makopo haya, tulikuwa tumeyasoma kwa muda wa nusu saa. Kizungu chetu ni cha shule ya msingi, na herufi zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa, lakini tulijitahidi neno kwa neno. Tulitafuta kama mna mafuta ya nguruwe. Tulitafuta kama mna ulevi. Tukaona jina la spiriti, tukaenda kumwuliza shekhe wetu. Na pale pale ubavuni mwa kopo palikuwa na alama ya mwali wa moto iliyozungushiwa mistari myekundu, na chini yake onyo: isipulizwe karibu na moto. Tuliipita. Tulitafuta lililo haramu, hatukutafuta lenye kudhuru. Hali twajua, na twawafundisha watoto kila mwaka, ya kwamba sheria yetu imekataza madhara kama ilivyokataza haramu. Nyumba ilikuwa na msomaji mmoja aliyepewa amana ya kusoma, naye alisoma nusu.

Jueni basi, enyi mama na mabibi, ya kwamba katika makopo mengi ya kupuliza, kinachousukuma unga au mafuta yatoke nje ni gesi iliyoshindiliwa, nayo mara nyingi ni ya jamii ile ile iliyomo katika mtungi wa jikoni. Apulizaye karibu na jiko, au chetezo, au mshumaa, au dawa ya mbu ya kuwasha, ni kama afunguaye mtungi mbele ya moto. Kopo lisiachwe juani wala ndani ya gari, kwani joto hulipasua. Likiisha lisitupwe katika moto wa taka, wala lisitobolewe. Kupuliza kuwe mahali penye dirisha wazi, macho yamefumbwa, pumzi imezuiwa. Na mwenye pumu ajiepushe kabisa, kwa kuwa unga mwepesi huingia kifuani.

Liko na jambo jingine la kujua. Mwezi wa Desemba 2021, na tena Oktoba 2022, makampuni makubwa mawili yaliyarudisha kutoka madukani ya Marekani na Kanada baadhi ya makopo yao ya shampuu kavu, kwa sababu ilionekana yaweza kuwa na benzini, kitu kijulikanacho kuleta saratani ya damu, na kilichodhaniwa kimeingia pamoja na gesi ya kusukumia. Makampuni hayo yalisema kiasi kilichopatikana hakikutarajiwa kumdhuru mtumiaji, nayo yaliyatoa kwa hadhari. Hatuyataji ili kutia watu hofu. Twayataja kwa sababu kopo la zamani huweza kukaa kabatini miaka mingi, au kupita mikono mingi mpaka likafika kwetu kwa bei rahisi. Tazameni tarehe, na mkiwa na shaka liacheni.

Ama upande wa dini, tuliyoyauliza kwa shekhe wetu ni haya. Sisi si wanazuoni, ni walimu wa chuo tu. Twapokea na kufikisha.

Kwanza, unga huu si tohara. Mtoto wetu alituuliza swali zuri: kama udongo wa tayamamu unashika pahali pa maji, je, unga huu nao hauwezi? Shekhe akatabasamu, akasema hivi viwili ni kinyume. Udongo wa tayamamu hauondoi mafuta, lakini unahalalisha sala, kwa kuwa Mwenyezi Mungu ameujaalia hivyo. Unga wa kopo huondoa mafuta, wala hauhalalishi sala hata rakaa moja. Kwa josho la wajibu, mwenye kukatazwa maji na tabibu ataosha kila anachoweza kuosha, na kwa sehemu iliyokatazwa atatayamamu. Ndivyo mtoto wetu alivyofanya.

Pili, katika udhu, wafuasi wa Imamu Shafii hutoshewa na kupaka maji sehemu ya kichwa, na kukipaka chote ni sunna. Unga upigwe burashi uishe kwanza, kwa kuwa ukilowa huwa kama uji na kuzuia maji. Mafuta mepesi yasiyo na unene hayaharibu udhu. Lakini kitu kizito kilichoganda kama nta sharti kiondolewe. Katika josho la wajibu maji hayana budi yafike shinani na katika kila unywele, basi mwenye unga na mafuta mengi ya kupuliza aoshe kwanza kwa sabuni, kisha ndipo amimine maji ya josho.

Tatu, juu ya spiriti iliyomo katika makopo haya wanazuoni wamekhitalifiana. Wengi wa zama hizi wameona si pombe wala haihukumiwi najisi, na wengine wamechukua hadhari. Nne, aliye katika ihramu ya Haji au Umra asiviguse vitu hivi, kwani manukato na kupaka nywele mafuta ni katika yaliyoharimishwa hapo. Tano, mwenye eda ya kufiwa na mumewe naye ajiepushe na manukato na mapambo mpaka eda ishe. Na sita, manukato ya kopo ni manukato. Hukumu ya mwanamke kutoka nje akinukia ni ile ile, atoke katika kopo au katika chupa ya atari.

Mwisho, kwa wale wanaohitaji unga na hawataki kopo, tunawapa njia tuliyoishika sisi baada ya mkasa ule. Chukueni wanga wa mahindi vijiko viwili, na kakao isiyotiwa sukari kijiko kimoja, au zaidi kidogo kwa nywele nyeusi sana. Chungeni kwa kitambaa chepesi. Tieni kidogo kwa burashi pana ya poda, shinani tu, usiku, mjifunge kilemba cha rangi nyeusi, na asubuhi mchane. Hauna gesi, hauna spiriti, hauruki kwa kishindo. Lakini huu nao ni unga, na unga mkavu uliotimka hewani huweza kushika moto. Basi chetezo na kikae mbali vile vile. Wala msitumie poda ya watoto ya talki: mwaka 2024 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka talki katika mafungu ya vitu vielekeavyo kuleta saratani. Na mkiweza kupata maji, basi maji ndiyo ya kwanza. Na majani ya mkunazi yaliyotwangwa, ambayo bibi zetu waliyaoshea vichwa, yangali yapatikana.

Siku ya kumi na tano tabibu aliruhusu kichwa kioshwe, sikio limezibwa kwa pamba iliyopakwa vaselini. Mamake alichota maji ya uvuguvugu, akamwinamisha, akamwosha mara tatu kwa sabuni. Maji ya kwanza yalitoka kama maji ya mchele. Mtoto akasema, "Mama, najiona kama nimezaliwa leo." Jumamosi iliyofuata alirudi chuoni kuwasomesha wadogo zake, upande mmoja wa nywele mfupi chini ya ushungi, na hakuna aliyejua ila sisi, na sasa ninyi.

Nasi tumeongeza somo dogo katika chuo chetu. Kila Alhamisi mtoto mmoja huja na kopo tupu, au pakiti, au chupa kutoka kwao, na tunalisoma pamoja, jina na onyo, mpaka neno la mwisho. Wazazi wanaotaka kufanya hivyo majumbani mwao hawatapoteza kitu.

Mwenyezi Mungu atulindie watoto wetu na moto wa dunia na moto wa akhera, na atusamehe tuliyoyapita kwa kughafilika. Amin. Wabillahi taufiki.